Mtu wa Nne

"Kigae cha saba ni changu, Bi Tufaha. Hesabu mwenyewe kutoka mlangoni kwako."

"Nilivihesabu wewe bado unavaa kaptura ya shule, Bwana Aidarus. Vyangu ni vinane."

"Ni sita. Na mguu wa benchi lako umekanyaga cha saba tangu asubuhi."

"Basi uulize huo mguu unataka nini huko. Labda umefuata udi."

Wanaume wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi lenyewe waliinamisha vichwa ili wasionekane wanacheka. Kinyozi wa jirani alitoka na kitana mkononi, na mteja wake akamfuata nyuma na povu kwenye shavu moja, maana ugomvi wa Bi Tufaha na muuza manukato ulikuwa ndiyo redio ya baraza lile la Muraqqabat, Dubai, na hakuna aliyependa kukosa taarifa ya habari.

Siku nyingine Bi Tufaha angelifurahia jambo hilo. Alipenda kugombana palipo na watu, alipenda watu wenyewe, na akimaliza ugomvi hula vizuri. Lakini Jumanne ile alikuwa anarusha maneno huku mawazo yako kwingine. Jengo lilikuwa limepata wasimamizi wapya, vijana wa viatu bila soksi, nao walitaka chini pawe na mgahawa wa vioo wenye kahawa ya povu. Walikuwa na adabu, hawakumfukuza. Walileta karatasi. Kila mpangaji wa chini atie saini kwamba mkahawa wa Bi Tufaha haumsumbui. Saini zikitimia nne, abaki. Ikikosekana hata moja, akusanye masufuria yake kabla ya Ramadhani. Karatasi ilikaa mezani kwa Matia, Mganda mlinzi wa mlango mkuu, na ingechukuliwa Alhamisi saa sita mchana. Kinyozi ameshatia saini. Fundi cherehani ameshatia. Mtu wa kusafirisha mizigo ametia, tena kwa herufi kubwa. Iliyobaki ni ya Aidarus.

Na mwanamke mwenye akili angekwenda kuzungumza naye kwa upole. Bi Tufaha naye akili alikuwa nazo tele, upole ndio uliokuwa wa kutafuta.

Mkahawa wake hauna jina mlangoni. Kibao kilianguka mwaka wa tisini na ngapi sijui, na hakuna aliyekikosa, kwa sababu watu waliuita Kwa Wanne na wakafika. Mwaka 1979, yeye na marehemu mumewe Thuwein walipofungua, sahani zao zilikuja kwa meli kutoka Bombay ndani ya sanduku la mbao, na sanduku lilipotikiswa lilitoa mlio wa misumari. Dazeni kumi zimevunjika, kilichopona ni kibakuli kimoja cha sukari. Wageni wameshakaa, wali umeiva. Thuwein alikimbia sokoni akarudi na masinia sita kichwani, akasema leo watu watakula wanne wanne, sahani tutanunua kesho. Kesho hiyo mpaka leo haijafika.

Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Chakula hakitoki jikoni mpaka watu wametimia wanne. Ukija na wenzako watatu, pita ndani. Ukija peke yako, kaa benchi utapangwa na watakaokuja, wanawake upande wa pazia, wanaume upande wa feni. Hakuna kuchagua mtu, hakuna kuuliza kuna nini, utakula kilichopikwa. Hapo ndipo karani wa maghala ya Freezone mwenye tai alipochambua kichwa kimoja cha nguru na dereva wa lori asiyejua kusoma, wakaishia kubadilishana namba. Hapo ndipo mtu aliyekuwa analala Discovery Gardens, kitanda cha juu, chumba cha watu wanane, alipata wa kumuuliza mbona Ijumaa hukuonekana. Watu wamepata kazi kwenye masinia yale. Watu wamepata mashemeji. Ndoa mbili zimevunjikia pale pia, ingawa Bi Tufaha husema hizo ziliingia zimeshapasuka, pale zilimalizikia tu.

Na kila mchana, sinia la mwisho likishatoka, husimama kwenye mlango wa jiko, akafuta mikono kwenye kanga, akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Tangu mwaka sabini na tisa, hapa hajatoka mtu na njaa."

Nyumba nzima humjibu: "Na hatatoka."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo. Wengine wana majumba Sharjah, wengine wana watoto madaktari. Yeye alikuwa na hayo.

"Hebu niambie kitu kimoja," alisema sasa, mikono kiunoni, maana vigae vilikuwa vimeishiwa na utamu. "Miaka kumi na moja tunapakana. Kinyozi anakula kwangu, fundi anakula kwangu, na mke wa fundi akija kutoka kwao anakula kwangu. Wewe hujawahi kukanyaga ndani. Umetoka Mombasa, samaki wa kupaka unamjua, usiniambie chakula changu kigeni. Nimekukosea nini?"

Aidarus alikuwa mtu mwembamba, kanzu imepigwa pasi mpaka ina makali, ndevu zimechongwa. Alimtazama kwa muda. "Kweli hujui?"

"Ningejua nisingekuuliza mbele ya povu la mtu."

"Mwaka elfu mbili na tano," alisema Aidarus. "Ijumaa. Duka nimelichukua juzi yake, hata rafu sijapiga. Simjui mtu hapa. Natoka msikitini, naona watu, nasikia Kiswahili, nikasema alhamdulillahi, hapa ni nyumbani. Nikakaa benchi. Hilo hilo."

Wale wawili waliokaa waliinuka kidogo, kama benchi limepata moto.

"Mbele yangu walikuwa wanne, wakaingia. Nikabaki peke yangu. Wakaja wanne wa Unguja, wanajuana, wakapita. Sheria. Wakaja wanne wengine, wakapita. Wakaja wengine. Mimi nipo, nasubiri watatu wangu. Halafu mlango wa chuma ukashushwa mbele ya magoti yangu, Bi Tufaha. Chakula kimekwisha. Watu wako wakatoka kwa mlango wa nyuma. Na mimi pale nje, na harufu ya biriani kwenye kanzu, nikakusikia wewe ndani." Alikigeukia kinyozi, kisha akamrudia. "Wasema hajatoka mtu na njaa. Nao wakujibu."

Kinyozi aliangalia kitana chake.

"Nimekusikia kila siku tangu siku hiyo," Aidarus alisema. "Ukuta wetu ni ubao. Sasa waja unataka niandike kwamba hunisumbui."

Akaingia dukani kwake. Punde kikasikika kile kinyundo chake kidogo, tak, tak, akipasua udi.

Bi Tufaha alirudi jikoni akakaa kwenye kigoda cha kukunia nazi. Rukiya, mpishi wake wa mwaka wa ishirini sasa, mwanamke wa Lamu mwenye ulimi usiolala, alisubiri aseme. Alichukua nazi akaanza kuikuna.

"Benchi lingekuwa ndani tungemuona," Rukiya alianza.

"Lilikuwa nje, na mie nilikuwa najisifu."

"Ni mtu mmoja, mama. Kati ya malaki."

"Sikuwahi kusema hajatoka mtu ila mmoja, Rukiya. Nilisema hajatoka mtu."

Mchana ule alifanya jambo ambalo halikupata kutokea katika nyumba ile. Alitaka sahani. Ndani hamkuwa na sahani hata moja, kwa hiyo alikwenda kuazima kwa fundi cherehani, akaipakua mwenyewe, wali wa nazi, kipande cha nguru kutoka mgongoni ambacho huwa anakificha, kachumbari pembeni, akaifunika kwa kitambaa na kuvuka vigae sita, au vinane.

Duka la Aidarus lilikuwa na baridi na giza la heshima, chupa zimepangwa kama wanafunzi. Aliweka kinyundo chini. Alifunua kitambaa, akafunika tena.

"Hii ni sahani ya fundi."

"Kwani mimi nina sahani?"

"Sikutaka sahani, Bi Tufaha. Hata siku ile, nyumbani kwa mjomba wangu palikuwa na chakula. Nilitaka mtu atoe kichwa aseme, wewe wa hapo nje, njoo."

"Basi njoo."

"Wiki hii?" Aidarus alitabasamu kwa upande mmoja. "Wiki ya karatasi? Nikiingia kwako leo na kesho nikatia saini, kinyozi atasema nimenunuliwa kwa kichwa cha samaki."

"Si kichwa, ni mgongo."

"Nimeona. Chukua sahani ya watu."

Alirudi nayo. Na jambo lililomuudhi, njia nzima ya vigae vile, ni kwamba mtu yule alikuwa amesema sawasawa na ambavyo yeye mwenyewe angesema.

Jumatano nyumba ilijaa mpaka Rukiya akalalamika, na Rukiya akilalamika ujue mambo mazuri. Habari ya karatasi ilikuwa imefika Satwa na Karama, na watu wasioonekana miezi walikuja kula kama wanaokuja kuaga mgonjwa. Masinia sita, pande zake zimebonyea kwa miaka thelathini na saba ya kuoshwa na kusuguliwa, yalitoka na kurudi. Birika la kunawia lilipita mtu kwa mtu. Feni ililalamika lile lalamiko lake la siku zote, na bwana mmoja aliyewahi kula pale akiwa hamali, sasa ana kampuni, alikaa chini na suruali yake ya bei akala na vijana watatu wasiojua yeye ni nani. Mmoja akamnyang'anya pilipili. Bi Tufaha aliyaona yote hayo kutoka mlango wa jiko na kifua kikamjaa. Vioo na povu, alijisemea, wataweka wapi mambo haya?

Upande wa pili wa ubao, kinyundo kilikuwa kinagonga. Tak, tak.

Sinia la mwisho likatoka. Watu wakaanza kutulia, kama wanaposubiri bismillahi. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Tangu mwaka sabini na tisa, hapa hajatoka mtu na njaa."

"Na hatatoka," nyumba ikajibu.

"Ngojeni. Sijamaliza." Akageuka kidogo, uso ukaelekea ubaoni. "Si kweli."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha, akaona wenzake hawacheki.

"Alitoka mmoja. Mwaka elfu mbili na tano, siku ya Ijumaa. Alikaa hapo nje kwa adabu zake, akafuata sheria yetu kuliko nyie mnaosukumana, na sheria yetu ikampita. Wanne wakaingia, wanne wakaingia, na yeye yuko peke yake, na sisi humu tunashiba. Tukamshushia mlango. Halafu nikasimama hapa nikasema maneno yangu, naye yuko nje ananisikia. Na nimeyasema kila siku tangu hapo. Jina lake sitalitaja, mwenyewe anajijua."

Watu wote waliangalia ubao.

"Siombi kitu," Bi Tufaha aliendelea, na sauti yake haikuwa imeshuka hata kidogo, maana hakujua namna ya kuishusha. "Ningekuwa naomba, ningekwenda kuomba. Nasema kwa sababu nyumba hii nimeijenga kwa maneno hayo, na kama kesho nafungwa nifungwe na maneno ya kweli. Hapa alitoka mtu mmoja na njaa. Kosa langu. Na tangu leo, mwenye kukaa benchi peke yake ndiye wa kwanza kuingia. Mkija wanne mnajuana, nawagawa. Mtajuana na wengine."

Maneno mapya hayakuwa na jibu lake. Na katika ukimya ule ndipo Bi Tufaha alipotambua kwamba kinyundo kilikuwa kimenyamaza, na hakujua tangu neno gani.

Alhamisi asubuhi benchi lilikuwa limesogezwa. Alilivuta mwenyewe kabla jua halijachoma, akaacha kigae cha saba kitupu, kisafi, amekipiga deki.

"Mwite sasa," Rukiya alimwambia saa nne. "Nusu yake imeshalainika."

"Hapana."

Saa tano Rukiya alirudi na upawa mkononi. "Mama, saa moja imebaki. Neno moja tu mlangoni. Si ndilo alilolisubiri?"

"Nikimwita kabla ya saa sita, namwita saini. Nikimwita baada ya saa sita, namwita yeye. Hata kama nitakuwa nimeshafungwa."

"Basi tutakuwa na heshima na hatuna jiko."

"Geuza samaki, anaungua."

Samaki hakuwa anaungua. Bi Tufaha aliketi, akaondoka, akapanga vikombe vya kahawa vilivyopangwa. Aliangalia mahali kwenye ukuta ambapo Thuwein alikuwa akiegemea, pana alama ya bega mpaka leo, rangi hupakwa kila miaka mitatu na alama hurudi. Kwenye benchi alikuwa ameshakaa Yasir, Mkenya wa maghala ya Freezone aliyekuwa na siku ya mapumziko, na Hakim, Mganda wa jikoni katika hoteli ya mtaa wa pili, anayepika siku nzima chakula asichokipenda. Mzee mmoja akaja kukaa nao.

"Wewe baba, pita ndani, sinia lile limepungua mmoja," Bi Tufaha alimwambia. "Hapa mwachie Matia, zamu yake inaisha sasa hivi."

"Na wa nne?" Yasir aliuliza. "Nina njaa mbaya, mama."

"Wa nne nimeshamuweka."

Saa sita ilipita. Adhana ikaja baadaye kidogo, watu wakaenda, wakarudi. Matia ndiye aliyechelewa, na alipotokea mwisho wa baraza alikuwa anatembea mwendo wake ule ule, mrefu, kofia ya ulinzi mkononi, uso haujasema kitu. Bi Tufaha alimchukia kwa uso huo.

"Karatasi imekwenda, mama," alisema. "Yule kijana wa ofisi ameichukua."

"Imekwenda vipi?"

"Imekwenda na saini nne."

Jikoni upawa ulianguka.

"Alikuja ikiwa imebaki dakika kumi," Matia alisema, na sasa alikuwa ameruhusu meno yaonekane. "Akasoma yote, mbele na nyuma. Nyuma hakuna kitu, mama, lakini akasoma. Akasema, Matia, nipe kalamu nzuri, hiyo yako inaaibisha. Akatia saini. Halafu chini akaandika kwamba benchi lisipite kigae cha sita. Nikamwambia, sir, benchi limeshasogezwa tangu asubuhi. Akasema anajua, ameliona, lakini iandikwe."

Hakim alicheka mpaka akajishika ubavu. Bi Tufaha hakucheka. Alisimama pale na kanga mkononi, akageuka kutazama ndani. Ndani kulikuwa kumejaa. Masinia matano yalikuwa chini, watu ishirini wanakula kwa kelele, pazia linacheka kwa wanawake nyuma yake, na Rukiya ameshaanza kuimba kitu kibaya kwa sauti mbaya. Miaka thelathini na saba. Hata wakija na vioo vyao, alifikiri, watavuta watu kwa nini, harufu hii wanayo?

Akajifunga kanga sawasawa. Akavihesabu vigae kwa miguu, moja, mbili, mpaka sita, akasimama hapo, ncha za viatu zikiwa kwenye mstari, wala hakupita.

Aidarus alikuwa anafuta chupa iliyokuwa safi. Kinyozi ametoka. Fundi cherehani ametoka na uzi kinywani.

"Wewe wa humo ndani," Bi Tufaha aliita.

"Nina mteja," alisema Aidarus bila kuinua uso.

"Yuko wapi?"

Aidarus alilitazama duka lake, rafu kwa rafu, kama mtu anayetarajia kumuona. "Alikuwa hapa," alisema.

"Ameshakwenda kula. Sikiliza, Bwana Aidarus. Nina watu watatu hapa, mmoja wa Masaka, mmoja wa Jinja, mmoja wa kwenu Mombasa, hawajui hata kama unajua kuchambua samaki. Wawili wamekaa tangu kabla ya saa sita. Mmoja ana njaa mbaya, amesema mwenyewe. Na sheria yangu unaijua, chakula hakitoki mpaka mtu wa nne amefika."

Aidarus aliweka chupa chini. Alikunjua mikono ya kanzu yake taratibu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, halafu akaanza kuikunja mpaka kwenye viwiko, kama anavyofanya mtu anayejua anakwenda kunawa.

"Leo mmepika nini?" aliuliza.

"Hapa hatuulizi," alisema Bi Tufaha. "Karibu ndani, ule."